Macho Yaliyomngoja Baba

Harufu ya pasi ya makaa ikikandamiza kitambaa kipya cha pamba hunirudisha mara moja kwenye nyumba yetu ya mabati katika mtaa wa Juba Na Bari, jijini Juba. Msimu ule nyumba nzima ilinuka hivyo, kwa kuwa Mama alikuwa ameacha kushona sare za shule na sasa alishona barakoa kutwa kucha. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Mipakani malori yalipita kwa kusuasua, dereva mmoja mmoja baada ya kupimwa, na majibu ya vipimo yalichelewa mno. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtoto wa pekee, na sikujua kutulia. Baba, dereva wa lori aliyezoea kuleta unga na mafuta ya kupikia kutoka Eldoret, alikuwa amekwama Elegu, upande wa Uganda wa mpaka wa Nimule, katika foleni ambayo, kwa maneno yake, hata ukipanda juu ya kichwa cha lori huoni mwisho wake. Alikuwa ametuambia atarudi wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa imegeuka miezi.

Kabla ya safari hiyo alikuwa ameniletea tableti ili nifuate masomo ambayo mwalimu wetu aliyatuma kila asubuhi. Masomo niliyamaliza kabla ya saa nne, lakini tableti sikuiweka chini. Kando ya jina la Baba kulikuwa na kitone cha kijani kilichowaka alipopata mtandao, na mtandao wa kule ulikuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Niliogopa kiwake nikiwa nimetazama kwingine. Basi nilicheza michezo, nikatazama katuni zile zile, nikasoma ujumbe wake wa zamani, yote hayo ili niwepo tu. Nilikula nikiwa nayo mapajani. Nilikaa nayo kizingitini, jua likipiga kwenye kioo, nikikunja uso ili nione.

Haikuchukua muda macho yakaanza kuwasha kana kwamba yamepakwa pilipili. Jioni kichwa kiligonga juu ya nyusi, na nilipoinua uso, jirani aliyesimama kwenye uzio wake alionekana kama ameyeyuka kidogo. Sikumwambia mtu. Nilijua nikisema, tableti itachukuliwa, na kwa akili yangu ya wakati ule kuchukuliwa tableti kulikuwa sawa na kuchukuliwa Baba. Nikanawa uso mara kumi kwa siku na kusingizia vumbi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na sindano.

Kumtungia Mama uzi kwenye sindano ya cherehani ilikuwa kazi yangu tangu nikiwa na miaka sita, kwa sababu yeye kuona vitu vya karibu kulishaanza kumsumbua. Alasiri ile uzi ulimkatikia, akaniita. Nikainama, nikalamba ncha ya uzi, nikaichomeka. Ikapita pembeni. Nikajaribu tena na tena. Tundu la sindano liligeuka mawili, yakicheza. Mama akanishika kidevu na kukiinua kwenye mwanga.

"Nasimiyu, macho yako ni mekundu namna hii tangu lini?"

"Ni vumbi, Mama."

"Vumbi gani hili lisiloniona mimi?"

Nikaangua kilio. Nilimwambia yote, hata ile habari ya kitone cha kijani. Alizima pasi, akajifunga leso, na tukaondoka kwa miguu hadi kliniki ndogo ya mtaani alikokuwa Sista Keji, muuguzi mwenyeji aliyechanganya Kiarabu cha Juba na Kiswahili alichokiokota ukimbizini Uganda. Alinitazama macho kwa tochi, akanisomesha herufi zilizobandikwa ukutani.

"Mtoto, wewe iko angalia hii kitu saa ngapi kwa siku?"

"Kidogo tu," nikasema. Mama akakohoa.

Sista Keji akacheka. "Maalesh, si kitu. Macho hii haijaharibika, iko taban tu. Imechoka." Akanieleza kwamba mtu akikodolea kioo husahau kupepesa, na jicho lisilopepeswa hukauka. Kutazama karibu siku nzima, alisema, ni kama kubeba ndoo ya maji bila kubadilisha mkono. Niiweke tableti mbali kiasi cha mkono ulionyooka, nipunguze mwanga wake ulingane na wa chumba, nisikae nayo juani, na kila baada ya muda mfupi niinuke, nitazame kitu cha mbali, nipepese. Ukungu ukikataa kuondoka, nirudi nipimwe miwani.

Maneno yalikuwa mepesi. Kuyatii ndiko kulikonishinda. Mama aliweka sheria: kila akimaliza barakoa sita, natoka nje. Nilikuwa nazihesabu kwa chuki. Nikiwa nje nilisikia mlio wa ujumbe hata pale ambapo hapakuwa na mlio, nikakimbia ndani, nikarudishwa. Hatimaye Mama alimweleza Baba mwenyewe. Siku iliyofuata Baba alipiga simu saa tisa, wala hakutaka tuonane kwa picha.

"Igeuze kifudifudi mezani. Sasa fumba macho. Mimi pia nimefumba."

"Sasa nitajuaje kama upo, Baba?"

"Si unanisikia?"

Akanisimulia foleni yote kwa mdomo: dereva aliyefuga kuku chini ya trela, mwanamke aliyeuza chai akiwa amesimama mbali na kusukuma kikombe kwa kijiti. Tangu siku hiyo saa tisa ikawa yetu, na saa nyingine zote, aliniambia, hakuna haja ya kumlinda.

Jioni Mama alinipeleka kando ya mto. Kwa mbali ungeweza kuona daraja na malori yakivuka kutoka Gumbo, ng'ambo ya mto. Nilitumwa kupumzisha macho, nami nikayapa kazi mpya: kutafuta lori lenye kichwa chekundu kama la Baba. Mara tatu nilipiga kelele kwamba ni yeye. Mara ya tatu Mama akasema, "Malori mekundu ni mengi, baba yako ni mmoja. Pepesa."

Alipokuja kweli, sikumwona. Ilikuwa asubuhi, nimeinamia hesabu kwenye tableti, nimepitisha muda niliopewa. Mtu akakohoa mlangoni. Nikainua uso, nikaona ukungu wenye ndevu, mwembamba, na barakoa iliyoshuka kidevuni.

"Mzee, barakoa zimekwisha," nikamwambia. "Rudi kesho."

Akasema, "Nasimiyu," na ile sauti niliijua kabla sijaujua uso. Alikuwa ameliacha lori Gumbo na kuja kwa bodaboda. Nilimrukia nikilia kwa furaha na kwa aibu, na sijui hadi leo ipi ilizidi.

Macho yangu yalipona taratibu, ingawa mwaka uliofuata nilivaa miwani. Sasa nafanya kazi kwenye ofisi ya hoteli moja katika mtaa wa Hai Amarat, hapa hapa Juba, mbele ya kompyuta, simu mbili zikiwa mezani. Baba bado yuko barabarani, na akipiga napokea dakika hiyo hiyo. Wakati ule nilikuwa na kioo kimoja na sababu moja ya kukikodolea. Leo vioo ni vitatu, na ukiniuliza natafuta nini ndani yake, nitababaika. Dirisha langu linatazamana na ukuta wa jengo jipya, hatua chache tu, hivyo jicho halina pa kwenda. Mara kadhaa kwa siku nashuka ngazi, nasimama kando ya barabara, natazama hadi inapoishia.

"Unamngoja nani?" mlinzi aliniuliza juzi.

"Simngoji mtu," nikamjibu. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, ukipapasa simu.