Arobaini Bila Mtoto

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na wewe unayefunga begi hebu keti kwanza uisikie. Wanawake wa mtaa mzima hapa Nzuguni walijaa sebuleni kwangu na chupa za uji, wamekuja kumwona mtoto niliyejifungua. Mtoto gani? Hata mimi nilitamani kumwona!

Nilikuwa kijana, fundi wa mapazia, na nilikuwa nimerudi kutoka nje ya nchi kufanyiwa operesheni hiyohiyo unayoiendea wewe. Nilizaliwa nikaitwa mvulana, nikakua nikijijua kuwa ni Hadija, na mwili ukawa wa mwisho kupata habari.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Kondoa kumweleza mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea. Nilijiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kufukuzwa. Alimaliza kuchambua mlenda wake, kisha akauliza, "Ukirudi, nani atakukanda?"

"Kunikanda, mama mkubwa?"

"Ukatwe huko chini, ushonwe, halafu ukae bila kukandwa na maji ya moto kama mtu asiye na kwao? Nakuja."

Basi, ndiyo ruhusa hiyo. Nililia njia nzima ya kurudi Dodoma, na sijui hata nilikuwa nalilia nini.

Maandalizi usiyadharau. Niliacha sigara, nikawa mkali hata wateja wakaniogopa. Homoni za kike nilizokuwa nikitumia nikazisimamisha pale daktari aliposema. Vinyweleo vya huko chini viling'olewa kimoja kimoja huku nikitaja majina ya mababu ambao sikujua kama nawakumbuka. Halafu kuna dawa ya kusafisha tumbo kabla ya operesheni. We! Karanga zote alizonifungia mama mkubwa waliishia kuzila wauguzi.

Nilirudi nimevimba, natembea kama bata, kwapani nina mto wenye tundu katikati, maana bila huo kukaa hakukaliki. Mama mkubwa akawasili na kuku, samli na unga wa uji. Choo changu kilikuwa cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa nilikatazwa. Akamwita seremala, akamwambia atoboe kiti. Kiti chenyewe? Kile changu kizuri cha wageni.

Asubuhi akabandika maji. Nikamwambia kwamba daktari amekataza kukanda kidonda.

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

"Ni mwanaume, mama mkubwa."

"Basi hajui kitu."

Nikakimbia. Kukimbia gani, nilijikokota nikajifungia chumbani, yeye nje ya mlango na kitambaa kinachotoa mvuke. Tulibishana mpaka maji yakapoa. Mwisho tukapatana: mabega na mgongo ruksa, chini hagusi mtu.

Kuna jambo moja lakini lisilo na mapatano, na hapa nisikilize vizuri. Ile njia mpya ya kike, mwili unaiona ni jeraha, unataka kuiziba. Kwa hiyo unapewa vijiti laini vya kupanulia. Unapaka mafuta uliyopewa, unalala chali, unaingiza taratibu, mara kadhaa kila siku, na saa zake hazichezewi. Ukizembea njia inasinyaa, na yote uliyoyavumilia yanakwenda na maji. Mama mkubwa alilielewa hili kuliko mimi. Mtu aliyezoea kuamka kwa adhana humfundishi habari ya kushika saa. "Hadija! Muda!" alikuwa anaita toka jikoni, nadhani hata Chamwino walisikia.

Sasa majirani wanaona nini? Mwanamke kapotea, karudi kavimba, hatoki nje, kaletewa mama kutoka kijijini na kuku, na kila asubuhi maji ya moto. Wakanihesabu mzazi. Hata baba wa mtoto wakampata: karani mmoja wa wizarani aliyekuwa akiniletea mapazia nimshonee. Maskini, mapazia yake ya mwisho hajayafuata mpaka leo.

Ndipo wakaja na uji. Siku ya kwanza walikaa mpaka muda wangu ukapita, nikaona haya kunyanyuka. Kesho yake asubuhi kijiti kikagoma kuingia. Mwanangu we! Niliiona safari yangu yote inafungwa mbele ya macho yangu. Na mchana wakarudi tena, wengi zaidi!

Muda ukafika. Mama Zuhura, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amejiegemeza kwenye kochi, anaongezewa uji. Nikisimama wataniuliza naenda wapi. Nikisema naumwa watanifuata chumbani. Mama mkubwa akanitazama, nikatazama pembeni.

Mama Zuhura akaweka kikombe chini. "Jamani, uji tumekunywa. Mtoto yuko wapi tumwone?"

Mama mkubwa akasimama, akakaza khanga kiunoni, akaninyooshea kidole.

"Mtoto ndiye huyo."

"Nani, Hadija?"

"Huyo huyo. Binti yangu. Nimemsubiri miaka, nimempata mwaka huu, na saa yake ya kulazwa imefika. Asanteni kwa uji. Haya, nendeni mkapike."

Waliondoka wanatazamana. Mama Zuhura alisahau chupa yake na hakurudi kuifuata.

Nikalala chali nikafanya kazi yangu, machozi yananiingia masikioni. Yeye akaketi chini nje ya mlango. "Unalia nini?" akauliza. "Ukilia unakaza mwili. Pumua." Nikapumua, na kijiti kikaingia.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuusia. Sigara acha leo. Daktari msikilize, hata mimi nikikuambia vingine. Kidonda kikitoa harufu au ukipata homa, usisubiri, nenda hospitali. Na haya isikunyang'anye saa yako. Wageni watakuja na kuondoka, mwili ni wako peke yako. Umesema huna wa kukuuguza, nyumbani hawapokei simu zako. Nimesikia. Kukanda sijui, lakini sauti ya kuita muda ninayo, nimeirithi. Nakuja.

Nenda, Mungu akutangulie. Mikono ya daktari iwe myepesi, usingizi wako uwe mtamu, na siku moja ukae kwenye kigoda kigumu ucheke bila kukumbuka mto. Ukirudi, kiti chako kipo. Kile chenye tundu sikukitupa.