Picha Iliyosimama Kungoja Ugali

Siku yangu ya kwanza kazini katika jumba la sinema, meneja alinipandisha ngazi hadi chumba cha projekta. "Kijana," akasema, "hapa hatumngojei mtu. Hata askofu akichelewa, atatukuta katikati."

Cheti changu cha masomo ya jioni nilikuwa nacho mfukoni, nikadhani najua kila kitu. Kumbe taa ya projekta ilikuwa na joto la kukaanga fahali mzima! Filamu ilipita mbele yake mbiombio, ikisimama, inaungua. Hiyo ndiyo kanuni ya kazi yetu.

Zamani ukumbi wetu wa Eastlands ulijaa hadi watu wakapumua kwa zamu. Miaka ya tisini, viti vikaanza kubaki vitupu. Meneja akanitazama kana kwamba nimewaficha watazamaji mfukoni.

"Fundi, unaishi nao mitaani. Wameenda wapi? Tusipowarudisha, mwenye jumba anatufunga."

Jumapili alasiri nikaenda mtaa wa Ziwani kwa Mama Nekesa, ambaye zamani hakukosa mstari wetu wa mbele. Chumba chake kimoja kilikuwa na watu kama elfu mbili, wote wakikodolea macho runinga ndogo kama nusu mkate. Kanda ya video ilikuwa imechezwa mtaa mzima hadi waigizaji wakatetemeka kama wana malaria.

"Karibu fundi! Kaa hapo kwa jiko."

Jambazi alipochomoa bastola, Mama Nekesa akabonyeza kidude. Picha ikaganda.

"Kwani nini tena?" nikauliza.

"Ugali utaungua, baba. Wacha nigeuze."

Na watu wakangoja! Wakabishana kama jambazi atafyatua, wakacheka. Mzee mmoja akaingia, "Nimekosa wapi?" Wakamrudishia kanda mwanzo, na hakuna aliyenung'unika. Nilitoka kichwa kikizunguka. Skrini yetu ilikuwa kubwa kuliko nyumba ile!

Nilipomweleza meneja, uso ulimng'aa. "Basi nasi tutasimamisha."

"Bosi, filamu itaungua."

"Ziba taa haraka. Nani ameajiri mwenzake?"

Jumamosi Mama Nekesa akaja, nimemwalika mwenyewe. Katikati ya picha mtoto wake akataka choo. Meneja akapaza sauti toka mlangoni, "Fundi, simamisha! Mama asikose!"

Nikasimamisha. Nikavuta kizuizi cha mwanga, kikakwama. Kwenye skrini, shavu la bibi harusi likatoka doa la kahawia, likatanuka, likammeza mzima. Watu wakapiga makofi wakidhani ndiyo hadithi yenyewe.

Mama Nekesa aliporudi alikuta skrini nyeupe. "Nimekosa wapi?"

"Bibi harusi ameungua," wakamjibu.

"Si mrudishe basi!"

Hatukuwa na cha kurudisha. Hakuja tena, wala wenzake. Ukumbi ukafungwa, leo ni kanisa.

Sasa nimestaafu, naishi Njiru. Vijana huniuliza kwa nini watu walituacha, nami bado sijui vizuri. Mke wangu akisimamisha picha ya runinga aende jikoni, macho yangu hukimbilia kwenye shavu la mwigizaji, nikilitafuta lile doa.

"Pumua, baba," huniambia akigeuza ugali. "Haiungui."

Nami hungoja.