Moto Tuliompa Karanja

Nakumbuka siku moja iliyotugharimu hapa Lumakanda kinu cha posho, jirani mwema na heshima yetu. Nimejumlisha mara mbili, haipungui.

Mwanangu, nilikuwa kijana wa kupatana bei ya mahindi, ulimi mwepesi. Vurugu za kikabila zilikuwa zimeunguza nyumba ya Mama Karanja, kwa kuwa hakuwa wa kabila letu. Kinu chake kilipona, maana sote tulikihitaji. Waliochoma tuliwajua, tulikulanga nao. Sasa mama alikuwa amerudi na mwanawe Karanja, kutazama kama anaweza kuishi nasi tena. Kanisa likasema tuigize mchezo wa haki: nyumba ichomwe jukwaani, mchomaji ahukumiwe, mama aone tumejuta.

Mwenge ulikuwa fimbo na kitambaa chekundu tu, lakini nani aushike?

"Mimi? Watu waseme ni mimi kweli?" mmoja akaruka.

"Kwani si wewe?" wakamtania. Kicheko kikakatika upesi.

Nikaingia na biashara yangu. Nikamfuata Karanja mwenyewe. "Ndugu, wewe hakuna atakayekushuku. Shika, nitakununulia soda." Akashika, maskini. Alitaka sana kuwa mwenzetu tena.

Siku ya mchezo ukumbi ulijaa. Karanja akachoma, hakimu akamfunga, makofi yakapigwa. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale wale tuliowajua, wamekaa viti vya mbele.

Mama Karanja akasimama. Hakupaza sauti.

"Mlinichomea nyumba, nikanyamaza. Leo moto mmempa mwanangu, na jela pia mmempa yeye?" Akanitazama pale kando ya pazia. "Na wewe, kijana wa bei, hii umeiuza ngapi?"

Asubuhi kinu kilipakiwa kwenye lori. Mpaka leo tunaendanga kusaga mbali.

Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako. Ukitaka kutubu, usimtafute mtu akubebee hatia, tena yule uliyemuumiza. Anayeomba kukaa nawe hana nguvu ya kukukatalia. Haki isiyomgusa mkosaji ni makofi matupu. Mungu akupe mkono wa kushika fimbo yako mwenyewe, na majirani wasiohama.

Nasikia Karanja yuko Nakuru, ana wajukuu. Nikimwendea kabla sijafumba macho, nianze na neno gani? Kupatana bei nimezoea, lakini hapa sina la kutanguliza. Wewe uliyesoma, nishauri.