Beleshi Kwenye Mianzi

Mwaka ule nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyetoka Uvira; nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kinanira, kwenye ukingo wa mto. Shule niliiacha mapema, na sikuwa nimewahi kukaa mahali kwa zaidi ya misimu miwili. Kwake nilikaa kwa sababu ya sauti ya maji. Nikilala mchana niliona kama nyumba yote inasafiri polepole kwenda ziwani, nami ndani yake, bila haraka.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba mchanga. Mvua ikikatika tulishuka mtoni mbio, kila mtu na beleshi lake. Aliyesimika beleshi kwanza, pale ni pake mpaka mvua nyingine, na hakuna aliyebishana. Malori yalisubiri juu, maana mlima mzima ulikuwa unajengwa. Nilipenda kujiuliza mchanga ule unatoka wapi. Niliokota ndani yake vipande vya vigae, kifungo, kandambili moja. Nikaanza kuona kwamba kila paa jipya kule juu lilimwaga mvua yake mtoni, mto ukapata nguvu, ukatuletea mchanga zaidi, na mchanga ukapanda tena mlimani kuwa nyumba. Nililiona jambo zuri, kama pumzi inayoingia na kutoka.

Chini ya nyumba ya mama palikuwa na kichaka cha mianzi. Mizizi yake ilikwaza mabeleshi, kwa hiyo wachimbaji walipaacha.

Siku moja mama akaamua kuongeza chumba.

"Mutoto yangu anarudi na watoto wake wawili," aliniambia. "Watalala wapi, ku kichwa yangu?"

Akakata mianzi yote ipate kuwa jukwaa la mafundi. Palipobaki visiki, mimi nikasimika beleshi langu. Mchanga ulikuwa laini ajabu. Nilipandisha ndoo baada ya ndoo, nikiutoa mchanga chini ya nyumba yake ili niuweke juu, na kila jioni alinipa ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa furaha.

Chumba kikaisha. Alitundika pazia la bluu hata kabla ya mlango kuwekwa. Kisha ikanyesha mchana kutwa, na ilipokatika nikasikia ananiita kwa sauti ndogo. Sakafuni mwa chumba kipya palikuwa na ufa. Kidole changu kiliingia chote. Tukashuka. Ukingo ulikuwa umemegwa kama mkate, na mizizi ya mianzi ilining'inia hewani.

"Mama, hapa ndipo nilipochimba."

"Na mi ndiye nilikata." Alitazama juu, akatazama maji. "Muto haukuiba kitu. Tuliupatia sisi wenyewe. Ile nyumba ya zamani itasimama?"

Nilimwambia huenda, tukiondoa uzito wa chumba na kuujaza ukingo.

"Basi panda, toa mabati."

Tulikibomoa tofali kwa tofali. Wenzangu walisimama mtoni wakicheka.

"We fundi! Watu wanajenga kwenda juu, we unajenga kwenda chini?"

"Nyamazeni!" mama akawajibu. "Kesho mutakuya kuomba maji ya kunywa kwangu!"

Tulijaza viroba kwa mchanga uliobaki na vifusi vya ukuta, tukavipanga ukingoni. Katikati yake tukapandikiza visiki vya mianzi vilivyokuwa bado vibichi.

Binti yake alifika na watoto na mabegi, akakuta pazia la bluu limekunjwa juu ya kiti. Nikatoa godoro langu nje, wakaingia chumbani mwangu.

"We mutembezi," mama alisema, "umeshapata sababu ya kwenda."

"Safari hii karibu niikose, Mama."

Nilimwachia beleshi. Sasa nabeba matofali kwenye nyumba za ghorofa huko Kibenga, na kila lori la mchanga likimwagwa natamani kujua limetoka chini ya nyumba ya nani. Mara kwa mara napita kumsalimia. Mianzi imefika kiunoni, na nyumba ya zamani ingali pale. Mvua ikikatika, kabla wachimbaji hawajafika, mama hushuka na kanga yake ameifunga vizuri, anasimika beleshi langu katikati ya mianzi, anapanda zake kuendelea kuchambua maharage. Wachimbaji wanaliona, wanapita mbali. Pale pana mwenyewe, mpaka mvua nyingine.