Mkwaruzo katika Amplifaya ya Kwaya

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, pale Ifakara, na kabla sijaisimulia, mwanangu, nitenganishe mambo mawili. Kwamba amplifaya ya kwaya yetu ilianguka kutoka garini ikirudishwa kutoka kijiji cha Idete, hilo nililisikia tu. Yanayofuata niliyaona mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu kijana na katibu wa kamati ya kanisa. Amplifaya ile ilikuwa ya zamani, ya taa za kioo zinazokuza sauti, nayo ilianza kukwaruza katikati ya nyimbo, kisha kunyamaza yenyewe. Mtunzaji wake alikuwa Mama Anjela, aliyeifuta vumbi kila Jumamosi kwa miaka mingi. Kwa maneno niliyoyasikia, niliandika katika taarifa kwamba aliiangusha kwa uzembe, na kamati ikaazimia anyang'anywe ufunguo wa chumba cha amplifaya Jumapili.

Ijumaa alifika Fundi Athumani kutoka Kidatu, mstaafu wa karakana ya kiwanda cha sukari. Nikamsomea taarifa yangu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, ulikuwepo ilipoanguka?"

"Hapana, mzee. Niliambiwa."

"Basi kaa hapa. Leo tutaiuliza yenyewe."

Aliiwasha, akasubiri. Ikatoa sauti safi, kana kwamba haijawahi kuugua. Mama Anjela, aliyekuja kutufungulia chumba, akamtania, "Fundi, unatengeneza au unachemsha maharage?"

"Nachemsha, mama. Ikiwa baridi haina la kusema."

Ilipopata moto, mkwaruzo ukaja. Fundi akauweka mkono wa kushoto mgongoni, maana ndani ya mashine zile mna umeme wa kuua, na kwa kijiti kikavu akagonga taa moja baada ya nyingine, taratibu. Alipoigusa ya tatu, spika ikapiga kelele. Nikatangaza kwamba taa imekufa, tuagize nyingine. Fundi alizima, akangoja ipoe, akaibadilisha nafasi na mwenzake wa aina ileile, akawasha na kugonga tena. Mkwaruzo haukuhama pamoja na taa. Ulibaki palepale, kwenye soketi, yaani kikalio ambamo taa huchomekwa. Nimesoma vitabu vingi, lakini hoja safi kama ile sijaiona mara nyingi.

Akachomoa waya ukutani, akauondoa umeme uliobaki ndani, akanionyesha matundu ya soketi: vumbi la mpunga lilikuwa limeganda humo, juu ya kutu. Magunia ya mpunga wa shukrani ya mavuno yalirundikwa katika chumba kile, kando ya amplifaya. Aliyeagiza yawekwe humo ni mimi.

"Nilikuambia, mwalimu," Mama Anjela akasema kwa upole, "ukanijibu kwamba amplifaya haili mpunga."

Fundi alisafisha soketi kwa spiriti, akavikaza kwa sindano vibanio vyake vinavyoshika miguu ya taa.

Mwanangu, usiandike jina la mtu kando ya kosa ambalo hukulichunguza. Ngoja tatizo lijitokeze mbele yako, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ulipokee jibu hata likikuelekea wewe. Mungu akujalie masikio yenye subira, na moyo usioona haya kufuta ulichokosea.

Habari za amplifaya ile baada ya mimi kuhamishwa nimezisikia nyingi, sizithibitishi. Ninachothibitisha ni kwamba niliikata ile sentensi ya uzembe kwa kalamu yangu mbele ya kamati, na kwamba Jumapili Mama Anjela alikifungua chumba kwa ufunguo wake, akaiwasha, nami nikakaa kando ya spika hadi wimbo wa mwisho. Haikukwaruza.