Nilipima dawa ya kuvulia dagaa Nchelenge, nikatoka mchawi

Wakuu, salaam kwenu. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na mke wangu kakaa hapa pembeni ananichungulia nisiongeze chumvi.

Miaka ya tisini mwishoni vita vilitutoa Pweto, kwetu Kongo, mbio. Tukavuka Ziwa Mweru, tukaangukia Nchelenge, upande wa Zambia. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nikawa mvuvi.

Mwenyeji mmoja, Ba Kabwe, alitupa chumba na kazi kwenye mitumbwi yake miwili. Akitufukuza huyu, tunarudi kwenye risasi.

Kule wanavua chisense, dagaa wa ziwani, kwa karabai. Giza likiwa totoro, dagaa wanafuata mwanga. Basi.

Lakini Ba Kabwe alikuwa na mganga wake, Papa Kalenga, Mkongo mwenzangu. Dawa yenyewe ni kifurushi cha ngozi, unakining'iniza mbele ya karabai. Masharti: kioo cha taa kisafishwe, mbalamwezi isiwepo, msipige kelele. Jamani! Huo si ndio uvuvi wenyewe?

Ualimu ukanipanda kichwani. Nikamwambia Ba Kabwe tupime: mtumbwi wake uende na dawa, wangu uende bila. Akacheka, akakubali.

Asubuhi mimi nilirudi nimekalia dagaa. Yeye alipata mboga ya siku moja. Kumbe lile furushi lilikuwa linaziba nusu ya mwanga! Nikarukaruka pale ufukweni kama mwehu, "Munaona? Munaona?"

Wameona, ndiyo. Ba Kabwe akanigeukia, kicheko kimeisha.

"Dawa yangu njo inaita samaki. Sasa weye, bila dawa, unabeba yote? Weye uko muloshi!"

"Hapana, Ba Kabwe, mukwai, mukubwa wangu. Ile kifurushi inafunga mwangaza..."

"Na siri ya dawa ya mwenzako unaijua namna gani?"

Ufukwe mzima ukadakia, mchawi, mchawi. Mke wangu akaanza kufunga masufuria. Niliogopa, sitanii.

Aliyeniokoa ni Papa Kalenga. Alininyoa kipara mbele ya watu, akanipaka majivu, akatangaza, "Bulozi nimemutosha, uchawi hana tena. Mumuache tu, akae." Fizikia nikaimeza, nikaitikia kila alichosema. Ba Kabwe akaridhika, tukabaki.

Nilichojifunza: kabla hujapima kitu, angalia kwanza nani atasoma majibu. Wataalamu wa humu mnaoshinda mkibishana na mashangazi zenu, muwe na akiba ya wembe.

Ila kuna kitu sijawahi kukisema. Papa Kalenga alinipeleka nyuma ya nyumba kuniosha yale majivu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'oneza:

"Prof, vraiment, kweli kabisa... weye unatumiaka dawa ya nani?"

Mngekuwa mimi mngemjibu nini? Dondosheni hapa chini.