Tulilala njaa juu ya kunde

Jamani, mamangu amenishtua leo mpaka sasa sijakaa sawa!

Nimefika kwetu Kalamba kutoka Mombasa, nikamweleza kazi yangu ya kupanda nyasi za baharini. Maji yakipata joto sana zinaangusha majani, lakini chakula zinakificha kwenye mizizi mchangani, zichipuke baadaye.

Akacheka. "Hata mimi nilifanya hivyo, ile njaa ya themanini na nne."

Kumbe alizika nyungu nzima ya kunde chini ya kitanda chetu!

Kitanda kile kile ambacho sisi watoto tulililia njaa juu yake!

"Mama, hukutusikia?"

"Niliwasikia. Lakini mngekula mbegu, mvua ikija tupande nini? Ndiyo maana nikahamia jikoni kulala, nisije nikaichimbua."

Nyinyi mngemjibu nini?

Mimi miaka hii yote nilijua alikimbia kelele zetu.